Kurasa za Papa Nilizoziruka

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Msicheke. Hakuna aliyenikatia keki wala kunipa saa ya ukutani. Nilipewa tiketi, begi langu likapimwa uzito, nikaambiwa nisogee mbele. Sasa dada anayewafundisha kupiga pasi hapo kwenye nyumba ya mafunzo ameniomba niwaandikie kurasa mbili za kuwatia moyo kabla hamjapanda ndege ya Saudia. Moyo mtajitia wenyewe. Mimi nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na nitaanza na hasira ili niimalize mapema.

Kwenye ofisi ya ajenti pale Nairobi, mkataba wangu ulikuwa na kurasa kumi na moja. Jamaa wa kaunta alinifungulia ukurasa wa kwanza, wa nne na wa mwisho.

"Sahihi hapa, hapa na hapa."

"Na hizi nyingine zinasema nini?"

"Ni yale yale tu, mrembo. Angalia foleni ilivyo."

Nina cheti cha kidato cha nne. Nilipata B ya Kiingereza. Nikaweka sahihi. Wakio, binti yangu, alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, amelala mgongoni kwa mama yangu nje kwenye benchi, na mimi nilitaka kutoka kabla hajaamka. Ndivyo mtu mwenye akili zake anavyoruka kurasa nane. Si ujinga. Ni haraka ya kumfikia anayempenda. Yule jamaa alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na hadi leo nikimkumbuka meno yananiuma. Somo la kwanza hilo: kaeni kwenye kile kiti mpaka msome zote kumi na moja. Foleni iwangoje. Haiwalishi.

Siku ya kwanza Riyadh sikuona mji, niliona ngazi. Nyumba ya ghorofa tatu, marumaru juu hadi chini. Aliyenipokea alikuwa mpishi, Bi Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyekuwa na miaka tisa katika jikoni ile.

"Watoka wapi, mwanangu?"

"Taita, Bi Zuhura. Wundanyi, mlimani."

"Kwenu kuna baridi?"

"Kuna ukungu."

"Basi uuage. Ukungu wa huku ni wa mchanga."

Wiki hiyo hiyo mchanga ukaja, anga ikawa ya rangi ya manjano mpaka taa zikawashwa mchana. Mimi nikakimbilia ndoo ya maji. Bi Zuhura akanipokonya. "Kitambaa kikavu kwanza! Ukianza na maji utakuwa unasiliba, si kufuta." Alinifundisha fagio la mpira la kusukumia maji, kwamba unalivuta kuelekea kwako, husukumi kama unayemfukuza kuku. Alinifundisha kwamba klorini na dawa ya choo ya asidi hazikutani katika ndoo moja, maana moshi wake unakaba kifua. Na alinifundisha jibu: "Usimwambie Madam 'sijui'. Mwambie 'naangalia'. Kisha nenda kaangalie kweli." Hilo limenisaidia kuliko cheti.

Madam mwenyewe hakuwa katili. Najua wengine mnasubiri nitaje pasi ya moto. Wapo wenzetu walioyapata hayo, na sitayageuza hadithi ya kuwatisha. Madam wangu alikuwa mtu wa kusahau kwamba mwili wa mwenzake huchoka. Aliniita Mariam. Jina langu ni Mghoi, na hiyo gh Mwarabu anaitamka vizuri kuliko hata mwalimu wangu wa darasa la tatu, kwa hiyo msiniambie ilikuwa ngumu. Hakupenda tu.

Sasa sikilizeni jambo la karatasi, maana litarudi. Ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi, huwa na jina la kafili, yaani mwajiri anayekushikilia kisheria. Jina la Madam lilikuwa limeshajaa wafanyakazi, kwa hiyo mimi nikaandikwa chini ya baba yake. Kafili wangu alikuwa mzee wa chumba cha chini niliyekuwa nikimpelekea supu. Alikuwa amefundisha chuo kikuu, historia ya hesabu, akaandika vitabu, kisha kisukari kikayala macho yake. Alibaki anatofautisha dirisha na ukuta, basi.

Siku moja Bi Zuhura alinipa karatasi ya dawa zake Mzee ili nimtafsirie. Nikaisoma kwa sauti pale koridoni, Kiingereza chote, pamoja na yale maneno marefu ya madhara. Sauti ikatoka chumbani.

"Nani huyo anasoma?"

Bi Zuhura akanong'ona, "Haya, umeshatuponza."

"Ni mimi, Baba. Mghoi."

"Njoo. Soma hiki." Akanyoosha kitabu kinene, kimegeuzwa juu chini. Nikakigeuza, nikasoma. Nilikosea majina yote ya watu. Alisubiri hadi mwisho wa ukurasa, akasema, "Kesho, baada ya kahawa." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi isiyokuwa katika mkataba, angalau si katika zile kurasa tatu nilizoziona.

Kitabu alichokuwa akiandika kilihusu padri mmoja Mfaransa wa miaka elfu na zaidi iliyopita, aliyekuja kuwa Papa. Nilishangaa. Mwislamu, profesa, Riyadh, anatafuta habari za Papa wetu! Na mimi rozari yangu ilikuwa ndani ya soksi.

"Kwa nini yeye, Baba?"

"Kwa sababu alikuwa na njaa ya kujua, na hakujali chakula kinatoka mlango wa nani."

Huyo Papa alizaliwa kwa watu wasio na jina. Watawa walimlea na kumsomesha. Akiwa bado kijana akapelekwa mpakani mwa Hispania, ambako elimu ya Waarabu ilikuwa jirani, na huko akazikuta tarakimu hizi tunazoandika leo, moja hadi tisa. Akarudi nazo kwao, akawa mwalimu, akatengeneza matufe ya kuonyesha nyota, na ubao wa kuhesabia wenye vipande vya pembe vilivyochorwa tarakimu. Mimi nilitaka kujua jambo moja.

"Mama yake alikuwa wapi wakati watawa wanamlea?"

Mzee alifikiri. "Hakuna kitabu kinachosema."

"Basi vitabu vyenyewe havijakamilika."

Nilidhani nimevuka mpaka. Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Andika hilo pembeni," akasema. "Andika: msomaji wangu anauliza mama yake alikuwa wapi."

Madam hakucheka. "Mimi nilileta mtu wa sakafu, Baba, si karani." Nilifanya yote mawili. Sakafu asubuhi mapema, kitabu baada ya kahawa, ngazi baadaye. Na baada ya miaka miwili na nusu, Mzee alipotaka kurudi Jeddah alikozaliwa, kwenye nyumba yake ya mtaa wa Al-Nuzha, alisema hatahama bila macho yake. Macho ndiyo mimi. Bi Zuhura alinifungia maandazi kwa safari na kuniambia, "Ukifika, tazama vitabu nyuma. Jeddah huoza kwa nyuma."

Ni kweli. Riyadh ni vumbi, Jeddah ni unyevu wa chumvi. Vitabu vya Mzee vilikuwa na ukungu mgongoni, vingine kurasa zimegandana. Andikeni hii: usilowanishe. Kisimamishe kitabu, kurasa zifunguke kama feni, mbele ya kiyoyozi, siku nzima. Kisha brashi laini, kuelekea nje. Nilifanya rafu tatu kabla ya kusoma chochote, na Mzee alikuwa anakaa pale ananusa, anasema, "Hicho ni cha Kairo. Hicho nilinunua mvua ikinyesha."

Hapo Jeddah ndipo nilipofanya kosa langu.

Tulifika kwenye kitabu kimoja cha zamani kinachosema yule Papa hakuwa msomi ila mchawi. Ati aliuza roho yake kwa shetani. Ati alikuwa na kichwa cha shaba kinachoongea, ukikiuliza swali kinajibu ndiyo au hapana, na ndiyo maana akapata upapa. Nilisoma mistari minne nikahisi masikio yanawaka. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya. Nimekaa nchi hii miaka minne bila misa, halafu mnipe nisome kwa mdomo wangu kwamba Papa aliuza roho? Nikageuza, nikaendelea kwenye sura inayofuata kana kwamba sijaona kitu. Kesho yake nikaruka tena. Siku ya tatu Mzee akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kitabu."

Akaweka kidole gumba pembeni, akakipitisha polepole kwenye kurasa, kama mtu anayehesabu nguo zilizokunjwa.

"Umeruka kurasa thelathini na mbili, binti yangu."

"Sijaruka."

"Macho sina. Kidole ninacho."

"Wanamsingizia!" Nilipiga kelele, nawaambia ukweli, nilimpigia kelele kafili wangu. "Wanasema Papa ni wa shetani! Siwezi kusoma uchafu huo, Baba. Nikatie ikama ukitaka."

Alisubiri nimalize kupumua. "Najua wanamsingizia. Kwa nini walimsingizia, unajua? Kwa sababu alijifunza kutoka kwetu. Walisema elimu kama ile, kutoka kwa Waarabu, haiwezi kuwa ila ya shetani. Wamenitukana mimi na wewe katika sentensi moja. Miaka sita naandika kitabu cha kuwajibu. Sasa nitawajibu vipi na wewe umewaficha?"

Nilikaa chini.

"Ukurasa unaokuumiza ndio unaosoma polepole," akasema. "Usiruke. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma zote thelathini na mbili, nikilia kwa hasira, na yeye anatikisa kichwa kila baada ya mstari, "Waongo. Endelea. Waongo."

Baada ya hapo nilimtengenezea ubao wa Papa, kama msamaha ambao sikuutamka. Pembe sikuwa nayo. Nilichukua vifuniko vya chupa za maji, nikapasha msumari kwenye jiko la gesi, nikachora tarakimu kwa kuchoma, za Kiarabu, ili vidole vyake vizisome. Jiko lilinuka plastiki siku mbili. Kitambaa cha meza cha nailoni nikakichora mistari kwa uzi: safu ya moja, safu ya kumi, safu ya mia, safu ya elfu. Alivipapasa vifuniko kimoja kimoja. "Wewe ni fundi," akasema, na hakuongeza kitu, na mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Kitu cha kuhesabu tulikuwa nacho. Nilikuwa nimemwahidi Wakio kwa simu kwamba mimi ndiye nitakayempeleka shule siku ya kwanza ya gredi ya kwanza, mwezi wa Januari. Mkataba wangu ungeisha kabla ya hapo. Kila asubuhi Mzee aliuliza siku zilizobaki, "Leo ngapi?" nami nikamwambia, naye akabadilisha vifuniko. Mia mbili na tatu. Mia moja na arobaini. Safu ya mia ikabaki wazi, tukashuka kwenye makumi.

Asubuhi moja mama yangu akapiga simu. "Wiki tano, mwanangu. Sare nimeshashona." Nikaangalia ubao. Arobaini na tano. Wiki tano ni siku thelathini na tano. Nikafikiri nimekosea mimi, nikaangalia kalenda ya simu, nikahesabu kwa vidole kama mtoto. Sikuwa nimekosea. Mtu alikuwa ameondoa tatu akaweka nne, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili.

Siku hiyo hiyo Madam alifika kutoka Riyadh. Nilikuwa naweka kahawa mezani aliposema, kwa Kiarabu, kana kwamba mimi ni sahani, "Baba, Mariam amekubali kuongeza miaka miwili."

"Sijakubali," nikasema, kwa Kiarabu hicho hicho.

Akageuka. "Nilikuambia kwenye simu."

"Uliniambia, Madam. Sikujibu. Kunyamaza kwangu si sahihi."

Mzee akaweka mkono kwenye ubao. "Hakuna haraka. Bado siku arobaini na tano. Tutazungumza."

"Thelathini na tano, Baba," nikasema. "Kuna mtu ameongeza kumi."

Vidole vya Mzee vikatembea hadi safu ya kumi, vikakaa juu ya kile kifuniko.

"Ni mimi," akasema.

Nilimwambia yote. Kwamba wewe ulinifundisha nisiruke, halafu unanificha siku za mtoto wangu. Kwamba siku hizo kumi ni zake, si zako, amezingoja toka hajui kusema. Madam alisema halas, halas, yaani basi, lakini sikunyamaza. Mzee hakujitetea. Alisema tu, "Kitabu kimebaki sura mbili."

Madam akasimama. "Imekwisha basi. Ruhusa yake ya kutoka nchini inabonyezwa kwenye simu yako, Baba, na macho huna. Nani atakusomea?"

Akarudi Riyadh na hakika yake.

Siku mbili Mzee hakuomba kusomewa. Nilimpa dawa, chakula, chai, tukasemezana kama watu wa foleni. Siku ya tatu, baada ya kahawa, akasema, "Lete simu yangu. Na ubao."

Niwaambie kitu. Namba ya siri ya ile simu nilikuwa nayo tangu Riyadh, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea ujumbe wote. Ningeweza kujipa ruhusa asubuhi yoyote akiwa bafuni. Bi Zuhura nilipomsimulia baadaye alisema, "We mtoto una wazimu." Huenda. Lakini nilitaka, katika safari ile yote, mtu mmoja aweke sahihi akijua anasaini nini.

"Soma," akasema.

"Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kutoka na kurudi."

"Yote. Usiruke."

Nikasoma yote. Kisha ya pili, kutoka bila kurudi. Mfanyakazi akishaondoka ikama yake inafutwa. Hawezi kurejea kwa kibali hiki. Kafili akishathibitisha, na muda ukapita, hawezi kutengua. Sauti ikanikatika pale kwenye hawezi kurejea.

"Hapo. Soma tena hapo."

Nikasoma tena, polepole.

"Umesoma vizuri," akasema. "Nionyeshe pa kuweka kidole."

Nilichukua kidole chake, kile kile kilichohesabu kurasa, nikakiweka. Ukaja ujumbe wa namba nne za kuthibitisha. Akataka kuzipanga kwanza kwenye ubao. Nane, nikamsomea. Mbili. Sifuri. Tano. Akaweka nane, akaweka mbili, akapapasa kutafuta sifuri, akakumbuka. Papa hakuwa na sifuri. Kwenye ubao wake aliacha nafasi wazi, na hesabu ikakaa sawa. Mzee akaacha nafasi, akaweka tano. Kufikia hapo namba zilikuwa zimeshapitwa na wakati.

"Baba! Zimekufa."

"Omba nyingine," akasema, na sikuuliza kama alifanya makusudi. "Hizi nisomee moja kwa moja. Papa wetu atatusamehe."

Wetu, alisema.

Sura mbili zilizobaki tulizisoma kwa wiki nne, asubuhi na alasiri, sakafu ikapata vumbi lake. Aliyekuwa mwana wa watu wasio na jina akawa Papa, akakaa miaka minne tu, akafa. Mzee akasema, "Halas." Uwanja wa ndege hakuja. Aliniaga mlangoni, ameshika fremu, akanitamkia jina langu na gh yake yote.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti. Mjukuu wake amemwekea kwenye simu kitu kinachosoma vitabu kwa sauti. "Mghoi, binti yangu, nimepata kichwa cha shaba," alisema. "Kinasoma vizuri. Hakiruki. Hakikasiriki pia, na huo ndio ubaya wake. Sura ya kwanza ya kitabu changu nimeianza na swali lako."

Nilimpeleka Wakio shule. Alinishika kidole kidogo tu, kama mtu aliyebebeshwa kitu asichojua ni cha nani. Ananiita anti. Mama yangu anamkanya, nami namwambia amwache.

Jana alipotoka shule alileta kitabu cha mbuzi mdogo, kile ambacho bibi yake amemsomea mpaka kimechakaa. Nikasoma. Kuna ukurasa ambapo mbuzi mama anaondoka kwenda mbali kutafuta majani na mtoto anabaki zizini. Nilipouona nikageuza kurasa mbili kwa pamoja, taratibu, kwa ustadi wa miaka yote ile.

Mkono mdogo ukashuka juu ya kitabu.

"Umeruka."

"Nimeruka wapi?"

"Hapo mama yake anaenda. Nyanya haruki."

Nikarudi. Nikasoma mama anavyoenda, mstari kwa mstari, na mtoto anavyolia zizini, na jua linavyopanda na hakuna mtu. Wakio alisikiliza bila kupepesa, ameegemea mkono wangu. Ukurasa ulipoisha akaugeuza yeye mwenyewe.

"Sasa soma vile anarudi."